Mtoto Si Rehani



Ndugu zangu katika imani, swali ninalotaka tulifikirie pamoja katika toleo hili ni jepesi kulitamka. Mzazi asipolipa mchango wa chakula shuleni, je, ni haki mtoto wake anyimwe sahani? Ukimuuliza mtu barabarani, atakujibu haraka kwamba si haki. Mketishe mtu huyo huyo katika kikao cha wazazi, daftari la madeni likiwa mezani, na huenda akainua mkono kukubali mtoto anyimwe. Nimeliona jambo hilo likitokea likizo iliyopita upande wa Bwera, na watu walioinua mikono hawakuwa watu wabaya. Kwa sababu hiyo naona inafaa tulichunguze kwa utulivu, tukitumia yale tunayofundishwa.

Kwanza tuielewe hali ilivyo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza nchini Uganda mwaka 1997, mwanzoni kwa watoto wanne wa kila familia, na ada ya masomo ikaondolewa. Chakula hakikuwamo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamwekea mzazi jukumu la kumpatia mtoto chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri. Sheria hiyo hiyo inakataza shule za mpango huu kuwatoza watu malipo ya masomo, ingawa inaacha mlango wa michango ya hiari. Kwa hiyo serikali inamlipa mwalimu, mzazi analeta mahindi, na katikati yao iko kamati ya usimamizi wa shule. Ndani ya kamati hiyo wamo wajumbe wanaopendekezwa na taasisi iliyoasisi shule, iwe ni kanisa au Baraza Kuu la Waislamu, pamoja na wawakilishi wa serikali za mitaa, wazazi na walimu. Kule Karamoja, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likipeleka chakula mashuleni kwa miaka mingi. Kwetu Kasese, kuanzia miteremko ya Rwenzori hadi bondeni, sufuria ya shule inawategemea wazazi.

Mimi nilifika kwenye kikao kwa niaba ya mama mdogo, ambaye ana watoto wawili katika shule hiyo ya msingi. Siku ya kikao ilikuwa siku ya soko Mpondwe, na mtu anayeuza nyanya mpakani hawezi kuacha meza yake siku ya soko. Nikapanda teksi kutoka Kasese mjini, tukapita Kikorongo, nikafika Bwera, kisha bodaboda ikanipandisha mlimani. Shule ni ya kanisa. Katekista alifungua kwa sala, nami nikakaa kimya kwa adabu hadi alipomaliza. Mazungumzo yalikuwa kwa Lukonzo, hesabu zikasomwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilitumika alipoongea mzazi mmoja aliyeoa upande wa Kasindi.

Ajenda kubwa ilikuwa chakula. Kila mtoto alitakiwa kuleta kilo 8 za mahindi na kilo 4 za maharagwe kwa muhula, na shilingi 10,000 za kuni na mpishi. Mhazini alieleza kwamba muhula uliotangulia mahindi yaliisha wiki ya saba. Tangu wiki hiyo hakuna aliyekula, wala mtoto wa aliyelipa wala wa asiyelipa. Orodha ya waliokuwa wanadaiwa ilijaza kurasa tatu za daftari lake. Kamati ikapendekeza kwamba kuanzia wiki ya nne ya muhula, mtoto ambaye jina lake halina alama ya malipo asipewe chakula.

Mama mmoja akasimama. Alikuwa na watoto watatu shuleni na alikuwa amewalipia wote kwa kuuza ndizi. Akasema, "Mzee mwenyekiti, mimi nimelipa kwa watatu. Kama mtoto wa asiyelipa anakula sahani sawa na ya wangu, basi mimi ni mjinga?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu wote walijua kwamba hana kosa.

Hoja ya mama huyu tusiipuuze. Wapo wasiolipa kwa sababu hawana, na wapo wasiolipa kwa sababu wameona jirani halipi na mtoto wake anakula. Kila asiyelipa akiachwa, muhula unaofuata wanaolipa wanapungua, na mwisho wake sufuria inakauka kwa wote. Mwanafunzi wa usuli atatambua kwamba hii ni hoja ya kuziba njia ya madhara, ile tunayoiita saddu dharai. Kuna pia maslahi ya jumla: kama ukali dhidi ya wachache unawahifadhia chakula wengi, kamati haiwezi kulaumiwa kwa kuufikiria. Kwa hiyo mtu anayesema tu "tuwe na huruma" bado hajamjibu mama yule.

Hata hivyo naamini pendekezo lile lina kasoro ambayo huruma haihitajiki ili kuiona. Inatosha kuutazama mkataba wenyewe. Nani anadaiwa? Sheria inasema ni mzazi. Daftari la mhazini nalo linasema ni mzazi. Mtoto wa darasa la pili hakuahidi kilo yoyote ya mahindi. Lakini anayefika dirishani kwa mpishi na kurudishwa na sahani tupu ni mtoto. Deni ni la mmoja na adhabu ni ya mwingine, wakati Qur'ani imetufundisha mahali pengi kwamba nafsi haitwishwi mzigo wa nafsi nyingine.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hiyo si adhabu, ni njia tu ya kumsukuma mzazi. Mtoto akirudi nyumbani na njaa, baba ataona aibu na atalipa. Hapo ndipo neno rehani linaponijia. Rehani ni kitu unachokishika ili mdaiwa akumbuke deni lake. Wanachuoni wetu wa fiqhi waliweka sharti kwamba kitu kinachowekwa rehani kiwe kile kinachoweza kuuzwa, ili deni lisipolipwa lifidiwe kutokana na thamani yake. Binadamu huru hauzwi, kwa hiyo hawekwi rehani. Kumshika mtoto kwa njaa yake ili baba yake alipe ni kumfanya rehani, hata kama hatutumii jina hilo. Tena ni rehani isiyofidia chochote, maana njaa ya mtoto haijazi gunia. Mzazi mwenye uwezo ambaye hana haya ataendelea kutolipa, na mzazi asiye na kitu ataongezewa huzuni juu ya ufukara.

Dini yetu inajua kuwatenganisha wadaiwa hawa wawili. Katika Suratul Baqara tumeamrishwa kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate nafuu, na tukaambiwa kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Hizi ni hukumu mbili kwa watu wawili. Daftari la kurasa tatu liliwaweka wote katika safu moja. Aliyefiwa na mume na mwenye duka la vinywaji njiani walipewa alama ile ile, na watoto wao walikuwa wapewe jibu lile lile dirishani.

Jambo la pili lililonishughulisha ni namna uamuzi ulivyofikiwa. Kabla ya kura, mwenyekiti aliuliza kama yupo miongoni mwetu anayedaiwa na mwenye la kusema. Hakuna mkono ulioinuka. Kurasa tatu za majina, na chumba kizima hakina hata mmoja! Sababu haikuwa ngumu kuikisia. Barua ya mwaliko ilisema majina ya wasiolipa yatasomwa. Mwenye deni na mwenye haya hawezi kutembea kilomita nne kwenda kusikia jina lake likisomwa mbele ya mashemeji. Ukiongeza wale waliokuwa sokoni Mpondwe, utaona kwamba waliobaki chumbani walikuwa takribani wote ni watu waliokwisha kulipa.

Sisi Waislamu tunajivunia shura, na tuna haki. Lakini tuitazame shura ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) alielekea kubaki Madina, na wengi, hasa vijana waliokosa Badr, walitaka kutoka kwenda kumkabili adui nje. Akawasikiliza, wakatoka. Waliotoa rai ya kutoka ndio waliobeba silaha, na wapo waliobaki pale chini ya mlima wakiwa mashahidi. Baada ya msiba ule, Qur'ani haikumwambia Mtume aache kushauriana. Ilimwamrisha awasamehe na aendelee kushauriana nao. Nikilinganisha, naona tofauti kubwa: kule, aliyepiga kura aliweka mwili wake nyuma ya kura yake. Katika kikao chetu, kila aliyeinua mkono alijua kwamba mtoto wake atakula wiki ya nne. Wingi wa mikono katika hali hiyo unatueleza kwamba waliolipa wamechoka, na hilo ni kweli. Hautuelezi lolote kuhusu haki ya asiyekuwepo.

Niliomba nafasi nikasema maneno machache. Nilisema kwamba deni lidaiwe kwa mzazi kwa bidii, lakini sahani isitumike kudai. Niliomba pia kwamba wanaodaiwa watenganishwe, wasio na uwezo na wenye uwezo. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake akaniunga mkono kwa sehemu. Akasema asiye na mahindi ana mikono, alete kuni au afanye kazi katika shamba la shule. Kikao kikakubali kuni na kazi zihesabiwe kama malipo. Kanuni ya wiki ya nne ikabaki kama ilivyo, kwa kura nyingi. Nilirudi Kasese na jibu nusu, na nusu hiyo nilimfikishia mama mdogo, ambaye yeye alikuwa amelipa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali gumu zaidi, lile ambalo mpishi angeniuliza. Tuseme yamepatikana mahindi ya watoto 200 na walio foleni ni 300. Maneno ya fiqhi hayazidishi unga. Tufanyeje? Naona Sunna imelijibu swali hili kwa vitendo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu. Akawasifu pia Ash'ariyyun, kabila la Abu Musa (R.A.), kwamba chakula chao kilipopungua walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa, na akawahesabu kuwa ni wake naye ni wao. Umar bin Khattab (R.A.), katika mwaka wa ukame wa 18 Hijria, alijizuia na samli mpaka watu wapate nafuu. Katika mifano hii upungufu unaenezwa kwa wote, na mkubwa anaanza na nafsi yake. Kwa lugha ya shuleni, uji unakuwa mwepesi kwa kila kikombe, na walimu wanaopikiwa katika sufuria hiyo hiyo wanapunguziwa kwanza.

Mama wa watoto watatu atasema bado anadhulumiwa, kwa sababu kikombe cha mtoto wake kimepungua kwa uzembe wa jirani. Ni kweli, kuna kitu amepoteza, na ni wajibu wa kamati kumrudishia haki yake kwa kumfuata yule jirani. Ila vitu viwili hivi havina uzito mmoja. Imamu al-Ghazali alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Baadaye Imamu al-Shatibi akaeleza kwa upana daraja za mahitaji, kuanzia ya dharura, yakifuatwa na ya haja, kisha ya ukamilifu. Njaa ya mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni inagusa nafsi na akili kwa pamoja, maana mtoto mwenye njaa hasomi, na wengine wakitoka mchana hawarudi. Upungufu wa kijiko kimoja cha uji unagusa mali ya aliyelipa. Tunapolazimika kuchagua, tunajua kipi kinatangulizwa.

Mtu wa Kasese mjini asidhani kwamba haya ni mambo ya mlimani tu. Katika shule nyingi za binafsi mjini, chakula kimeingizwa ndani ya ada. Hapo mtoto hanyimwi sahani peke yake, anarudishwa nyumbani na sahani, kiti na somo vyote kwa pamoja. Hata madrasa zetu za Jumamosi na Jumapili zinazoomba mchango wa chaki zijichunguze. Ustadhi anayemsimamisha mtoto mlangoni kwa sababu baba hajaleta shilingi elfu moja ameshika rehani ile ile.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi. Kwa nini jambo hili lihusu jumuiya ya wanafunzi Waislamu? Sisi ni wachache huko kwetu, na shule nyingi si zetu. Tena usiku wa tarehe 16 Juni 2023, kundi la ADF, ambalo linajinasibisha na dini yetu, lilivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Bwera ni jirani wa karibu. Msichana mwenye hijabu anaposimama kuongea katika mkutano wa shule eneo lile, anajua kwamba anatazamwa, na wengi wetu tumejifunza kukaa nyuma na kunyamaza ili tusionekane. Naielewa tahadhari hiyo. Lakini walioingia shuleni na silaha walidai kututambulisha kwa majirani zetu, na jibu ambalo jirani ataliamini ni kutuona mara kwa mara kwenye mabenchi yale yale, tukijadili mahindi ya watoto wake na ya kwetu bila kubagua.

Tunajua maana ya faradhi kifaya. Ni jambo ambalo wakilitekeleza baadhi, wengine wanasalimika, na likiachwa kabisa wote wanapata dhambi. Tumezoea kutaja mazishi na sala ya jeneza. Imamu al-Ghazali, katika Ihya, aliingiza humo udaktari na hesabu, kwa kuwa mji hauwezi kuishi bila wenye elimu hizo. Kwa rai yangu, kumsemea asiyeweza kufika kikaoni kunaingia katika mlango huo huo. Yatima, mjane aliyeko sokoni, baba aliyejificha kwa aibu ya kilo 8 za mahindi, wote hao wana haki katika uamuzi, na kama chumbani hakuna hata mmoja wa kuwataja, basi chumba kizima kina deni.

Nina mapendekezo manne, yote ya kiasi cha uwezo wetu. La kwanza, tuziombe kamati zisiweke vikao siku ya soko, na zisitishie kusoma majina. Madeni yajadiliwe na kila mzazi faraghani. La pili, viongozi wa mtaa, wakiwemo imamu na katekista, wasaidie kutenganisha wenye dhiki na wenye uwezo, kwa sababu wao wanazijua nyumba. Mwenye uwezo afuatwe nyumbani na dukani kwake mpaka alipe. La tatu, malipo yafuate mavuno. Mkulima wa kahawa hana pesa mwanzoni mwa kila muhula, lakini anayo msimu ukifika. La nne, jumuiya yetu ianzishe mfuko mdogo wa sadaka ya kuongeza gunia pale linapopungua. Sadaka ya hiari haiulizi dini ya mtoto, na mfuko huo usiulize.

Najua wengi mtasema, "Dada, sisi wenyewe tunakula mlo mmoja hosteli, tutatoa nini?" Rudieni kusoma Suratul Maun. Miongoni mwa sifa za anayeikadhibisha dini, sura ile imetaja mtu asiyehimiza kulishwa kwa masikini. Neno lililotumika ni kuhimiza. Mwenye mfuko mtupu amesamehewa kutoa, ila hakusamehewa kuhimiza, na kuhimiza kunafanywa kwa mdomo, mahali ambapo uamuzi wa kulisha au kutolisha unafanyika. Mahali hapo katika wilaya yetu ni kikao cha shule, chini ya mwembe au ndani ya darasa la sita, kwa kawaida saa nne asubuhi.

Muhula wetu wa chuo ukifungwa, kila mmoja atarudi kwao: Bwera, Kisinga, Hima, Kilembe au kwingineko. Ulizeni tarehe ya kikao cha shule iliyo karibu nanyi. Nendeni kwa adabu, salimieni wazee, sikilizeni hesabu za mhazini hadi mwisho, kisha mwombe nafasi.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.